Keki imegeuka kijani, binti wa kazi ameitwa mchawi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji hapa Kigoma. Naoka keki za kuuza nyumbani kwa jiko la mkaa: sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Sikusomea popote, nilifundishwa na marehemu mama mdogo, ila namshukuru Mungu wateja ninao kuanzia hapa Ujiji mpaka Mwanga na Gungu. Ada ya wanangu inatoka humo.

Mama mmoja wa Mwanga aliniagiza keki ya sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe. Mtoto huyo hawezi karanga. Akila hata kidogo midomo inavimba na kifua kinabana. Keki yangu inayopendwa ni ya karanga za kusaga, kwa hiyo nikaona nibadilishe, nitumie mbegu za alizeti zilizomenywa, zile zinazoletwa kutoka Kasulu. Nilizikaanga kidogo nikazipeleka kusaga kwenye mashine ya sokoni. Kwanza nikaoka keki ndogo ya kuonjesha. Ilitoka nzuri, laini, rangi ya chai ya maziwa. Mteja akaonja, akaipenda, akatanguliza nusu ya hela.

Siku ya kuoka keki yenyewe mambo yakaingiliana. Mtindi niliokuwa nimeuweka watoto walikuwa wameshaunywa, nikatumia maziwa ya kawaida. Beking pauda nayo ilikuwa imeisha, duka la jirani lilikuwa na beking soda tu. Nikaona si kitu ni kile kile, nikatia vijiko vidogo vitatu kama ninavyotia beking pauda siku zote. Halafu nikaongeza vijiko viwili vya mawese, maana mayai ya kisasa kiini chake kimepauka, na mimi napenda keki yangu iwe na ile njano ya yai la kienyeji.

Ilipanda vizuri. Juu ilikuwa kahawia iliyokoza mno, nikasema labda makaa yalizidi. Nikaiacha ipoe usiku kucha imefunikwa kitambaa. Asubuhi nikachukua kisu niikate juu iwe sawa kabla ya kupaka krimu. Shangazi, ndani ilikuwa kijani! Wala si madoa. Ni kijani chote, kama kisamvu kilichotiwa nazi, kuanzia katikati mpaka karibu na ganda. Nilipoonja ilikuwa na ladha ya sabuni, ulimi ukachachatika.

Mama mkwe wangu naishi naye. Alipoiona alisema hiyo si keki, hiyo ni dawa, kuna mtu anataka kuua watu humu ndani. Wifi akadakia kwamba nilipotoka kwenda kuchukua makaa, jikoni alibaki binti wa kazi peke yake. Binti huyo ana miaka 19, kwao ni Kibondo, tumekaa naye vizuri tu. Ila wiki ile alikuwa ameomba aongezwe mshahara, mama akakataa, naye akanuna siku mbili. Basi ikawa ndiyo ushahidi. Mama kamfukuza siku ile ile, na mshahara wake wa mwezi umezuiwa "kufidia keki". Sasa yuko kwa jirani, analia, hana hata nauli ya kurudi kwao. Pale mtaani wameshaanza kumwita mchawi.

Jirani mwingine anasema mbaya ni muuza mawese, kachanganya rangi kwenye mafuta. Wifi kabadilisha maneno, sasa anasema ni ukungu na tungekufa wote. Mama ameweka kipande kwenye friji, anataka kukipeleka kwa mganga. Mume wangu yuko kazini Mpanda, nikimpigia ananiambia malizaneni wenyewe.

Naomba unisaidie. Hiyo kijani ni nini? Ni sumu? Nauliza kwa sababu mwanangu mdogo alikata kipande akala kabla sijamnyang'anya, yuko mzima lakini sina amani. Mteja nimrudishie hela? Na huyu binti nifanyeje, na mama mkwe nitamwambia nini bila kumvunjia heshima?

Mama Keki, Ujiji

*

Marahaba mwanangu.

Hakuna mtu aliyetia kitu kwenye keki yako. Hiyo kijani imetoka kwenye alizeti yako na beking soda yako, na ingetokea hata kama jikoni ungekuwa peke yako tangu asubuhi mpaka usiku. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kuna msichana amelala nyumba ya watu kwa ajili ya jambo hili, na ninataka uwe na maneno ya kutosha ya kusimama nayo mbele ya wakubwa wako.

Mbegu ya alizeti ina kitu kinachoitwa asidi ya klorojeniki. Jina lisikutishe, unaila kila siku. Imo kwenye kahawa, hata hiyo inayolimwa kwenu Buhigwe. Imo kwenye biringanya, viazi mviringo na karoti. Biringanya ukilikata ukaliacha mezani, nyama yake nyeupe ikaanza kuwa kahawia, hiyo ni kazi ya asidi hiyo na ndugu zake wakishakutana na hewa. Katika keki yenye uchachu kidogo, kama ile ya mwanzo uliyotia mtindi, inatulia na huoni rangi yoyote. Lakini ukiiweka penye alkali, yaani kitu cha jamii ya magadi, hewa inaigeuza upesi, kisha inashikana na protini za mbegu, mayai na maziwa. Kinachozaliwa hapo ni rangi ya kijani. Haiji papo kwa papo. Keki inaweza kutoka jikoni ikiwa ya kawaida kabisa, kijani kikaanza inapopoa na kuendelea kukoza kwa saa nyingi. Ndiyo maana jioni hukuona kitu na asubuhi ukapigwa na butwaa.

Sasa tuangalie ulichobadilisha kati ya keki ndogo na keki kubwa, maana jibu lote liko hapo. Alizeti ilikuwa ile ile. Kilichoondoka ni mtindi na beking pauda, kilichoingia ni maziwa ya kawaida na beking soda (mawese nitayafikia).

Beking pauda na beking soda haviendi kipimo kwa kipimo, mwanangu. Hili waokaji wengi wa nyumbani hawaambiwi, na kopo la dukani halieleweshi. Beking soda ni soda tupu. Beking pauda ni soda hiyo hiyo, lakini kidogo, ikiwa imechanganywa tayari na asidi kavu ya kuimaliza nguvu na wanga wa kuifanya isishike unyevu. Katika vijiko vidogo vitatu vya beking pauda, soda yenyewe haizidi kijiko kimoja hivi, na asidi yake imo humo humo. Wewe umetia vijiko vitatu vya soda tupu, yaani mara tatu au nne ya uliyozoea, na siku hiyo hiyo ukaondoa mtindi ambao ndio ungeipunguza makali.

Soda ikikosa uchachu wa kumalizana nao haipotei. Joto la jiko linaigeuza kuwa kabonati ya sodiamu, na hiyo ni moja ya vitu viwili vinavyounda magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Kwa hiyo ndani ya ile sufuria keki yako ilikuwa inaiva pamoja na kitu cha aina ya magadi bila wewe kujua. Ladha ya sabuni uliyoisikia ndiyo hiyo. Na ganda kukoza kahawia, usiyalaumu makaa: sukari na protini zikiwa kwenye alkali huungua rangi haraka kuliko kawaida. Umeandika mwenyewe dalili tatu, ganda, ladha na kijani, na zote zinaelekeza mahali pamoja. Ingekuwa ni dawa ya mtu, ingekuwaje ifanane na beking soda iliyozidi kwa kila dalili?

Muuza mawese naye hana hatia, na ningependa jambo hili lisemwe sokoni kwa sauti ile ile iliyotumika kumtuhumu. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, jamii ile ile inayoipa karoti rangi. Inakaa ndani ya mafuta, na soda haiigeuzi kijani. Mawese yakiunguzwa sana hupauka, hilo kila mpishi wa Kigoma analijua. Wazo lako la kutia vijiko viwili kupata njano ya yai la kienyeji ni zuri, endelea nalo. Mtu wa mbali angenunua rangi ya chupa.

Kuhusu ukungu, wifi yako ana haki ya kuuogopa, hasa na joto na unyevu wa ziwani ambako keki ikifunikwa ikiwa bado moto haimalizi siku nyingi. Ila ukungu hauji hivyo. Unaanza juu, kwa madoa, una manyoya ukiutazama kwa karibu, una harufu ya kitu kilichofungiwa kabatini, na unahitaji siku kadhaa. Keki yako ilikuwa ya usiku mmoja, kijani kilikuwa ndani kikiwa kimeenea sawasawa, na ganda la juu lilikuwa safi. Siku ukiona madoa yenye manyoya, tupa keki nzima, usikate upande mbovu ukala uliobaki.

Mwanao mdogo muache acheze. Rangi hii haina madhara, na wataalamu wa vyakula wamekuwa wakiichunguza hata kama rangi asilia ya kukolezea chakula. Kipande kimoja chenye soda nyingi kinaweza kumpa gesi tumboni, basi. Keki iliyobaki usimpe mtu, hasa mwenye presha, kwa sababu soda ina sodiamu nyingi kama chumvi ilivyo.

Sasa naomba unisikilize kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Wote pale nyumbani mmeitazama kijani, na mimi niliposoma barua yako kilichonishtua ni ile mashine ya sokoni. Hiyo mashine inasaga nini siku nzima? Inasaga karanga. Ulipomimina alizeti yako, mawe au visu vyake vilikuwa vimejaa mabaki ya karanga za mteja aliyekutangulia, na mabaki hayo yametoka pamoja na unga wako. Kwa mtu wa kawaida si kitu. Kwa mtoto ambaye midomo inavimba na kifua kinabana, kiasi kidogo sana kinaweza kumfikisha hospitali, au kumzidi kabla hajafika. Keki ndogo ya kuonjesha umesema alionja mama yake, hukusema kama mtoto naye alionja. Kama hakuonja, basi hatujui kitu kuhusu usalama wake.

Nakuomba kama mzazi mwenzako: keki ya mtoto huyu alizeti itwangwe nyumbani, kwenye kinu kisichowahi kutwanga karanga kabisa, maana kinu cha mti kinanyonya mafuta ya karanga na hakisafishiki vizuri. Kama una blenda, ioshe hadi chini ya visu. Sufuria, mwiko, chekecheke na kitambaa vyote vioshwe kwanza, na siku hiyo usioke keki ya karanga jiko hilo hilo. Hata mbegu zenyewe uliza zinakouzwa: wauzaji wengi wanatumia kopo moja kupimia karanga na alizeti. Nunua zenye maganda, umenye mwenyewe. Ni kazi ya kuchosha, najua, na una haki ya kuitoza kwenye bei. Mweleze mama wa mtoto kila hatua uliyofanya, na umwambie wazi kwamba jiko lako ni jiko linalooka karanga siku nyingine, yeye ndiye aamue. Wako wazazi watakaokushukuru na kukataa keki, na bado wakawa wateja wako kwa ajili ya watoto wengine.

Ukizimenya, zitazame. Mbegu yenye ukungu wa kijani au mweusi kabla haijasagwa, iliyonyauka au yenye uchungu mdomoni, hiyo ndiyo ya kuogopa. Alizeti, kama mahindi na karanga, hupata sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ikihifadhiwa na unyevu, na moto wa kuoka hauimalizi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo chambua kwa mkono mbegu kwa mbegu, na ukiona gunia lina mbegu mbovu nyingi, rudisha.

Keki yenyewe uipangilie hivi. Tumia beking pauda kama ulivyozoea na mtindi wako kikombe kimoja, na juu yake ongeza kijiko kikubwa cha maji ya ndimu, kwa sababu alizeti hata kwa beking pauda inaweza kuvuta kijani kidogo ikikaa. Kama siku hiyo dukani kuna soda tu, tia nusu kijiko kidogo kwa kila kikombe cha mtindi, usivuke hapo, hata kama itapanda kidogo kuliko ulivyotaka. Mayai yapige vizuri na sukari, yatakusaidia kuinua. Ukichanganya, peleka jikoni mara moja, rojo lisikae likisubiri makaa yashike. Na ukitaka kulala bila wasiwasi, tia mdalasini au vijiko viwili vya kakao: rangi yao ya kahawia itaficha hata kama kijani kitachungulia.

Kwa kuwa unaokea watu, ujue pia kwamba soda ikizidi inacheza na rangi za vitu vingine. Keki ya karoti inaweza kutoka na madoa ya kijani kuzunguka kila kipande cha karoti. Manjano, ile ya pilau, ikikutana na soda inageuka nyekundu ya kutu. Rozela inayotia wekundu mzuri kwenye juisi itakupa keki ya kijivu au ya bluu iliyochafuka. Dawa ya yote hayo ni moja, soda kidogo na uchachu wa kutosha. Bitiruti ni habari nyingine, yenyewe inapotezwa na moto, ndiyo maana keki inaingia nyekundu na kutoka kahawia. Ndimu inaisaidia kidogo, haiiokoi.

Mteja usimzungushe. Mwambie keki iliharibika kwa kipimo cha soda, umwombe radhi, umwachie achague kati ya kurudishiwa hela yake yote na kuokewa nyingine. Na hata akichagua hela, habari ya mashine ya kusagia mwambie, ni haki ya mtoto wake.

Kwa mama mkwe, usiende na hoja za kitabu. Mtu mzima akishasema neno mbele ya watu, ukimpinga kwa maneno atalishikilia zaidi. Mpe kitu cha kuona. Mwambie, "Mama, naomba tulitazame jambo hili pamoja humu ndani kabla halijatoka nje, na mkono uwe wako." Weka bilauri tatu za kioo mezani. Kila moja tia vijiko viwili vya alizeti ile ile iliyosagwa na maji nusu bilauri. Ya kwanza akamulie ndimu. Ya pili atie kijiko kidogo cha beking soda kutoka kwenye pakiti ile ile. Ya tatu atie kipande kidogo cha magadi ya jikoni. Yeye ndiye atie, wewe ukae na mikono yako mapajani, na wifi awepo. Zikorogwe, zikorogwe tena kila mkipita ili hewa iingie, kisha ziachwe mpaka asubuhi. Yenye magadi itaanza mapema, itakuwa njano kisha kijani. Ya soda itafuata taratibu. Ya ndimu itabaki imepauka kama ilivyokuwa. Hapo binti hayupo jikoni, muuza mawese hayupo, na kijani kimekuja chenyewe kwenye bilauri aliyoitia mama kwa mkono wake.

Kipande kilicho kwenye friji mwombe asikipeleke kokote hadi bilauri zimeonekana. Siandiki haya kumdharau mama. Aliona kitu ambacho hajawahi kukiona maishani, chakula cha watoto kimebadilika rangi usiku, na hofu yake ilikuwa ni kuwalinda wajukuu. Mwambie hivyo hivyo, kwamba unajua aliwalinda. Lakini kipande hicho kikifika kwa mtu wa kupiga ramli, litatajwa jina, na jina litakalotajwa tunalijua sote. Neno "mchawi" likimshika msichana wa miaka 19 halibaki Ujiji. Litapanda naye basi hadi Kibondo, litakuwa linamsubiri siku akiposwa, siku jirani akiuguliwa na mtoto, siku akizeeka.

Kwa hiyo kwa binti usisubiri bilauri. Wewe umeshajua ukweli tangu uliposoma mstari wa kwanza wa jibu hili. Nenda leo kwa huyo jirani, na uongee naye mbele ya mwenye nyumba, maana alifukuzwa mbele ya watu. Mwambie ni kipimo cha soda, na kwamba hakuhusika. Baada ya bilauri, mwombe mama amtumie salamu za kumwondolea lile neno, hata kama ni kupitia kwako. Na wifi yako aende mwenyewe kwa wale aliowaambia.

Mshahara ni wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu hata mfanyakazi wa nyumbani. Hata pangekuwa na hasara ya kweli aliyoisababisha, mwajiri hana ruhusa ya kumkata kienyeji: lazima mfanyakazi akubali kwa maandishi, aelezwe kwa maandishi kosa na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ninyi mmezuia mshahara wote kwa kosa ambalo halikuwepo. Kama mama hatautoa leo, toa wewe kwenye hela ya keki, mtamalizana baadaye na mumeo, na umwambie mumeo kwamba hili la mshahara si la kuambiwa "malizaneni".

Huenda binti hatataka kurudi. Usimlazimishe kwa kumbembeleza, wala usimpe mshahara kwa sharti la kurudi. Akirudi, lile ombi lake la kuongezwa lizungumzwe upya bila mtu kumkumbusha kwamba alinuna. Asiporudi, mshahara wote wa mwezi umwekee mkononi, na nauli ya Kibondo uiongeze juu ya mshahara huo, isitolewe humo.

Shangazi